NBA: Timu inapouza zamu zake, hasara huja baadaye

Usiku wa tarehe 29 Julai 2021, Jonathan Kuminga, kijana mzaliwa wa Goma mwenye umri wa miaka 18, alichaguliwa wa saba katika drafti ya NBA. Waliomchukua ni Golden State Warriors. Lakini zamu hiyo ya saba haikuwa yao tangu mwanzo. Ilikuwa ya Minnesota Timberwolves.

Minnesota waliitoa Februari 2020, pamoja na Andrew Wiggins, ili wampate D'Angelo Russell. Msimu uliofuata walishinda mechi 23 tu kati ya 72. Juni 2022 Kuminga na Wiggins walikuwa mabingwa wa NBA. Russell naye hakudumu: Februari 2023 alihamishiwa Los Angeles Lakers.

Kwa aliyezoea mpira wa miguu, ambako kijana mwenye kipaji huenda kwa mwenye pesa, drafti inahitaji maelezo kidogo. Kila mwaka timu za NBA hugawana vijana wapya kwa zamu. Zilizofanya vibaya huingia katika bahati nasibu ya kugombea zamu za kwanza, ili wanyonge nao wapate kuinuka. Zamu ni mali. Timu inaweza kuitoa ili ipate mchezaji, hata zamu ya miaka kadhaa ijayo, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu anayeiuza hajui anauza nini. Timu ikifanya vizuri, zamu yake itakuwa ya 25. Ikianguka, inaweza kuwa ya kwanza.

Brooklyn Nets wanalijua hilo kuliko wote. Julai 2013, tajiri wao Mikhail Prokhorov akitaka ubingwa haraka, waliwachukua Kevin Garnett, Paul Pierce na Jason Terry kutoka Boston Celtics. Garnett alikuwa na miaka 37, wenzake 35. Boston wakapewa zamu za 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya kubadilishana zamu mwaka 2017.

Nets walivuka raundi moja tu ya mtoano, wakatolewa na Miami. Kufikia Februari 2015 wazee wote watatu walikuwa wameondoka. Msimu wa 2015-16 timu ilishinda mechi 21, uliofuata 20, idadi ndogo kuliko zote katika ligi. Timu nyingine ikianguka hivyo, angalau hupata kijana wa kuanza naye upya. Brooklyn walikuwa wakipoteza mechi kwa faida ya Boston. Zamu ya 2016 ikawa ya tatu: Jaylen Brown. Ya 2017 ikawa ya kwanza. Boston wakaibadilisha na Philadelphia kwa ya tatu na nyongeza, wakamchukua Jayson Tatum.

Ligi ina kanuni inayokataza timu kubaki bila zamu ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili mfululizo ijayo. Ilitokana na Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland aliyegawa zamu ovyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukitazama miaka ile ya Brooklyn, 2014, 2016, 2018, utaona jinsi kanuni inavyozungukwa.

Si kwamba kuuza ni kosa siku zote. Lakers walitoa zamu tatu na vijana watatu kwa Anthony Davis mwaka 2019, wakatwaa ubingwa 2020. Ila Davis alikuwa na miaka 26, si 37.

Brooklyn walirudia. Januari 2021 waliwapa Houston Rockets zamu za miaka mingi ili wampate James Harden, ambaye Februari 2022 alikwisha kwenda Philadelphia. Juni 2024 walilazimika kuzikomboa kutoka Houston zamu zao wenyewe za 2025 na 2026, kwa kulipa zamu za timu nyingine walizokuwa nazo. Mwezi huohuo Boston walitwaa ubingwa, na Jaylen Brown akatajwa mchezaji bora wa fainali.