Mninga wa Mishamo na Samani za Ofisi Zetu

Yamekwisha kuota mizizi miongoni mwetu mazoea ya kudhani kwamba samani nzuri ni ile iliyovuka bahari. Ofisi mpya ikifunguliwa, huletwa meza za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kuvikwa karatasi yenye sura ya mti. Dari likivuja mara moja, meza huvimba kama mkate uliotumbukia majini. Wakati huohuo, huko Mishamo, Wilaya ya Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, seremala amekimaliza kitanda cha mninga na mnunuzi wake ni jirani atakayelipa baada ya mavuno.

Jina la Mishamo si geni kwa watumishi wa Serikali. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Waliingizwa katika pori la miombo, wakalifyeka, wakajenga vijiji 16. Kuanzia mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikabidhiwa hati za uraia. Basi seremala huyo ni Mtanzania, na kazi ya mikono yake ni mali ya Taifa.

Wako watakaotuuliza habari za mwerezi, mti wenye sifa kubwa tangu Nabii Suleiman. Mwerezi wa Lebanoni si mti wa misitu yetu. Unaoitwa mwerezi hapa nchini ni mtarakwa, nao hukaa milima yenye baridi kama Usambara na Kilimanjaro. Ule wa Shume Wajerumani waliuteremsha kwa waya hadi relini. Katavi ni nchi ya miombo, na huko mti wa samani ni mninga.

Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Moyo wake, wenye rangi ya kahawia, hausumbuliwi na mchwa. Ganda jeupe la nje ndilo linaloliwa na bungua, na fundi mwaminifu hulitupa. Mbao zake zikikaushwa vyema hazijipindi wala hazinywei sana. Sisi wa Visiwani, ambao milango yetu hukwama kila masika kwa unyevu wa bahari, twajua thamani ya sifa hiyo. Tena hukubali randa na patasi, na ulimi ukiingia tundu lake barabara, kiunzi husimama bila msumari.

Lakini mti huu hauna haraka. Mche wake hufa juu na kuchipua tena kutoka mzizini miaka mingi, moto wa nyika ukiurudisha nyuma, kabla haujasimama kuwa mti. Hadi kufikia kupasuliwa mbao hupita umri wa mtu mzima. Ndiyo maana twaona uchungu gogo linapouzwa kwa bei ya gogo. Mti mmoja ukitoka porini kama mbao ghafi, faida ya randa, ya nakshi na ya vanishi huenda mjini. Kijiji hubaki na kisiki.

Tunatambua kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia, na hatuombi ilegezwe, kwani wezi wa mbao wapo. Tunachoomba ni kwamba fundi mwenye mbao kumi asipoteze siku tatu na nauli akifuata muhuri. Ofisa wa misitu aweza kupangiwa siku yake ya kufika kijijini.

Jambo la pili li mikononi mwa maofisa wenyewe. Upande wa Bara, ununuzi wa umma umetengewa asilimia 30 kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Vijana maseremala wa Mishamo wakijiunga na kusajiliwa, halmashauri ina sababu gani ya kuagiza viti kutoka mbali? Mwaka 2016, ilipoagizwa wanafunzi wasikae chini, maseremala wa nchi hii walitengeneza madawati kwa wingi na kwa muda mfupi.

Nasi Visiwani tusijitenge. Reli ya Mpanda huungana na reli ya kati pale Kaliua, na kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni safari ya saa chache. Wenye hoteli wanaotafuta vitanda, na idara zinazotafuta makabati, wapeleke vipimo vyao Mishamo, pamoja na malipo ya awali, maana fundi hana akiba ya kununulia mbao.