Hipnosi: Nguvu Haikutoka Mtini

Wengi wakisikia habari za hipnosi, yaani ile hali ya mtu kutulizwa kwa maneno hata akazama katika jambo moja na kusahau mengine, hufikiri ni mazingaombwe au uchawi. Dhana hiyo ina kosa moja la zamani, nalo ni kuamini kwamba nguvu hutoka kwa yule anayesema.

Daktari Franz Anton Mesmer, aliyefika Paris mwaka 1778 akitokea Vienna, ndiye aliyelivika kosa hilo vazi la sayansi. Alifundisha kwamba upo umajimaji usioonekana upitao katika viumbe vyote, ambao aliufananisha na sumaku, na kwamba ugonjwa ni kuzibika kwa mkondo wake. Wagonjwa wake walitetemeka, walilia, na wengine walisema wamepona.

Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 aliunda tume ya uchunguzi. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo mwanakemia Lavoisier na Benjamin Franklin, mwakilishi wa Marekani nchini Ufaransa. Jaribio lao moja lastahili kusimuliwa. Katika bustani ya Franklin huko Passy, mfuasi wa Mesmer aitwaye Deslon aliutia mti mmoja hiyo "sumaku". Kisha mvulana wa miaka 12 akafungwa macho, akapelekwa penye miti mingine minne ambayo haikuguswa. Penye mti wa kwanza alitokwa jasho na kukohoa. Penye ule wa nne alizirai, ilhali mti wenye "sumaku" ulikuwa mbali naye kiasi cha futi 24!

Tume ikaamua kwamba umajimaji huo haupo, na kwamba yote yalikuwa kazi ya mawazo ya mgonjwa. Uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini wasomi wengi walilichukua neno "mawazo" kana kwamba maana yake ni "si kitu". Mawazo yawezayo kumwangusha mvulana chini yalihitaji kuchunguzwa, si kuchekwa.

Mwaka 1843 James Braid, daktari wa Manchester, alitoa kitabu akionyesha kwamba hali ile hupatikana kwa kukazia macho kitu king'aacho, bila sumaku yoyote. Ndiye aliyeieneza istilahi hii, itokanayo na neno la Kiyunani lenye maana ya usingizi, ingawa vipimo vya ubongo vimeonyesha baadaye kwamba mtu huyo hajalala.

Wakati huo mgonjwa wa kupasuliwa alishikwa na kufungwa kamba, kwa kuwa nusukaputi haikuwapo. Huko Hooghly, Bengal, kuanzia mwaka 1845, Daktari James Esdaile alikata uvimbe mkubwa wa matende baada ya wasaidizi wake kuwapitishia wagonjwa mikono kwa saa nyingi, na wengi hawakulia. Oktoba 1846 dawa ya etha ilionyeshwa hadharani Boston. Yenyewe ilifanya kazi kwa dakika chache, tena kwa karibu kila mtu. Madaktari wakaifuata, na ni nani angewalaumu?

Jibu la kitendawili cha Esdaile lilianza kuonekana Montreal. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1997, watu waliingiza mkono katika maji yenye joto la kuumiza huku wakiambiwa, katika hipnosi, kwamba maumivu hayo yanasumbua zaidi au kidogo. Sehemu ya ubongo inayohusika na uchungu wa maumivu ilibadilika kufuatana na maneno hayo. Ile inayopokea habari za mguso na joto haikubadilika vivyo hivyo. Mkono ulihisi joto kama kawaida. Kilichopungua ni mateso.