Mulombwa: muti unaotoa "damu"

Kama unakaa Likasi, Kolwezi, Kipushi ao kando ya muji wa Lubumbashi, unajua mulombwa. Hata kama haujue jina lake, pengine umekwisha kulalia kitanda chake ao kufungua mulango wake. Na vijana wanaokwenda pori kutafuta makala wamekwisha kuliona jambo hili: unapiga shoka mara moja, na muti unatoa damu. Maji mekundu yanashuka juu ya ngozi yake mpaka chini, mazito, yanashika mikono sawa gundi.

Leo ninataka kuongea nanyi juu ya maji hayo mekundu, sababu karibu yalete kilio katika nyumba yangu mwenyewe.

NI MUTI WA NAMNA GANI?

Wenye elimu wanauita Pterocarpus angolensis. Unaota katika pori letu la Katanga, Zambia, Angola, Zimbabwe mpaka Afrika ya Kusini. Tanzania wanauita mninga. Ngozi yake ni nyeusi-nyeusi, imepasuka vipande vipande sawa mugongo wa mamba. Wakati wa kipwa majani yake yanaanguka, kisha unavaa maua ya manjano. Tunda lake ni la duara: pembeni ni jembamba sawa karatasi, katikati lina miiba.

Mafundi wa mbao wanaupenda sana. Mbao yake ni nyekundu ya kahawia, ni rahisi kuranda, haijikunje sana ikikauka, na muchwa hawaile upesi. Ndiyo sababu tunaona milango, meza, mitumbwi na ngoma za mulombwa. Lakini uulize fundi anayeukata kila siku: vumbi lake linawasha pua, na wengine linawafunga pumzi. Basi, kitu cha pori kinaweza kusaidia mutu na kumuumiza vilevile.

WAZEE WALIUTUMIA NAMNA GANI?

Wanachemsha ngozi yake na kunywa maji kwa ajili ya kuhara. Wanasukutua kinywa chenye vidonda. Maji mekundu wanayapakaa juu ya vidonda na mapunye ya kichwa, wengine hata wanayatia katika macho. Mama ambaye damu ya mwezi inamuzidi, wanamunywesha. Na mutu mwenye kukosa damu, wanamwambia: "Kunywa mulombwa, damu itarudi." Mawazo yao ni hii: kinachofanana na damu kinaponya damu.

Tusiwacheke wazee. Ngozi hiyo na maji yake yana tanini nyingi, kitu kile kile kinachofanya chai kali ikaushe kinywa. Tanini inakaza nyama, kwa hiyo kidonda kinaweza kukauka na tumbo kutulia kidogo. Tena dawa kubwa zimetoka katika miti. Kinini ilitoka katika ngozi ya muti. Pelletier na Caventou wa Ufaransa waliitenga mwaka 1820, na muti ule umelimwa hata Kivu kwetu. Nabii Isaya naye aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mufalme Hezekia. Mungu hakukataza majani.

DAMU YA MUTI SI DAMU YA MUTU

Mutoto wetu wa tatu alikuwa na miaka 3 wakati homa ilimushika. Siku ya pili homa ilipungua, lakini viganja vyake vikawa vyeupe, naye akataka tu kulala. Mama yangu akaniambia: "Mwanangu, damu ya huyu mutoto imekwisha. Umutafutie mulombwa."

Mimi pasta, nikabeba shoka. Franga ilikuwa haba, ndiyo, lakini sitajificha nyuma ya franga. Niliona maji yale namna yalivyokuwa mekundu, na macho yangu yakaamini rangi. Tulimunywesha siku tatu.

Siku ya ine pumzi yake ilikuwa inakwenda mbio, na hakuweza kukaa. Tulimupeleka hopitali kwa kinga. Munganga alifunua kope ya jicho: ndani kulikuwa kweupe. Malaria ilikuwa imekula damu. Shemasi mumoja, ambaye damu yake ilipatana na ya mutoto, akatoa mukono wake. Mutoto wetu akapona.

Kwa kitanda cha kando, mama mwingine alikuwa amefika na wake usiku ule. Mbele ya kupata mwenye kumupa damu, mutoto yule akakufa. Katika kitunga cha mama yule kulikuwa chupa ya maji mekundu, sawa ile yetu. Sikuweza kuhubiri neno. Nilikaa tu chini pamoja naye.

Kisha munganga akanieleza. Wadudu wa malaria wanaingia ndani ya chembe za damu na kuzipasua. Maji ya mulombwa hayafanye chembe mpya hata moja. Damu ya mutu ni nyekundu kwa sababu ya kitu chenye chuma ndani yake. Wekundu wa mulombwa ni kitu kingine kabisa. Na tanini inashika chuma ya chakula ndani ya tumbo, mwili unaipata kidogo. Kumbe nilizani ninaongeza, na pengine nilikuwa ninapunguza!

TUFANYE NINI BASI?

Homa ikishika mutoto, apimwe malaria siku ile ile. Ukiona viganja ao kope vyeupe, pumzi ya mbio, degedege, mukojo mweusi, ao anakataa kunyonya, usingoje kesho. Kama umekwisha kumupa dawa ya miti, umwambie munganga bila haya. Kuficha kunaweza kumupoteza. Mutoto anayehara anahitaji kwanza maji yenye chumvi na sukari iliyopimwa vizuri. Na katika macho usitie maji ya muti wowote.

Damu inajengwa kwa chakula: nyama, maini, samaki, maharage, lengalenga, sombe. Ndimu ao chungwa vinasaidia mwili kupata chuma. Chai tusiinywe pamoja na chakula. Na wote tulale ndani ya chandarua.

NA MUTI WENYEWE?

Mulombwa muchanga unakauka kila kipwa kwa miaka mingi, huku muzizi unashuka, mbele ya kusimama kweli. Unaomba makumi ya miaka kuwa mbao. Anayechubua ngozi kuuzunguka muzima anauua. Ukihitaji, toa kipande kidogo, upande mumoja tu. Ndugu yake, mukula, ulikatwa sana katika Haut-Katanga katika miaka ya 2010 na kupelekwa China. Mwaka 2019 mukula uliingia katika orodha ya mapatano ya CITES, na mwaka 2022, huko Panama, mulombwa nao ukaamuliwa kuingia: kuuuza inje ya inchi kunaomba ruhusa.

Mutoto yule leo ni kijana. Anacheka wakati ninasimulia habari hii. Mimi siwezi.

MAULIZO YA KUONGEA KATIKA JAMAA

1. Kwetu, ni dawa gani tunaamini kwa sababu ya rangi ao harufu yake tu?
2. Usiku mutoto akikosa pumzi, ni nani atamupeleka, na kwa njia gani?
3. Ni nani kati yetu yuko tayari kutoa damu?