Unahama nyumba? Usicheze kamari na bei

KILA mtu anapotaka kuuza nyumba Unguja, hukuta methali mbili zikimvuta huku na huku. Jirani wa kwanza atamwambia subira huvuta heri, asiuze sasa, bei itapanda. Wa pili atamjibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, auze leo kabla wateja hawajakimbia. Wote wawili wanakisia, na hakuna kati yao atakayemlipia kodi mambo yakiharibika.

Makala haya hayamhusu tajiri mwenye nyumba sita, ambaye akikosea moja hubaki na tano. Yanamhusu mwenye nyumba moja tu, tuseme Malindi, Kiponda au Mkunazini, ambaye watoto wamekuwa wengi, ngazi zimekuwa ndefu kwa miguu yake, naye anataka kuhamia Tomondo, Fuoni au Bububu kwenye uwanja wa kuegesha gari na kupanda ndizi mbili tatu. Kwa mtu huyu nyumba ndiyo akiba, ndiyo pensheni na ndiyo urithi wa wanawe.

Muuzaji na mnunuzi ni mtu yuleyule

Jambo la kwanza ambalo wengi husahau ni kwamba anayehama ni muuzaji asubuhi na mnunuzi jioni. Bei zikipanda, nyumba yake itauzwa ghali, lakini na ile anayoitaka nayo huenda imepanda. Zikishuka, hasara ya kuuza hufidiwa kwa sehemu na nafuu ya kununua. Kinachomhusu ni tofauti iliyopo kati ya bei mbili hizo, si bei moja peke yake.

Hatari huanza pale anapozitenganisha siku mbili hizo kwa makusudi. Huuza leo kwa kuamini kuwa bei iko juu, hupanga nyumba ya muda, kisha hukaa na fedha mkononi akisubiri bei ianguke ndipo anunue.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba ya mjini inauzwa Sh milioni 200 na ile ya Tomondo ni Sh milioni 150. Akiuza na kununua kwa pamoja hubakiwa na Sh milioni 50. Sasa tuseme ameuza, akapanga kwa Sh 400,000 kwa mwezi na kusubiri miaka miwili. Kodi pekee ni Sh milioni 9.6. Bei zikishuka kwa asilimia 20, atanunua kwa Sh milioni 120 na kubakiwa na Sh milioni 70.4. Amepata faida ya Sh milioni 20.4.

Lakini bei zikipanda kwa asilimia 20 hiyo hiyo, atanunua kwa Sh milioni 180 na kubakiwa na Sh milioni 10.4. Amepoteza Sh milioni 39.6. Mwendo wa bei ni ule ule, lakini hasara ni karibu mara mbili ya faida, kwa sababu kodi hulipwa kila mwezi, awe amekisia vizuri au vibaya. Hapo bado hatujahesabu gari la kuhamishia vyombo mara mbili.

Bandu bandu huisha gogo

Fedha za nyumba zina tabia nyingine ambayo haimo katika hesabu hiyo. Nyumba haikatwi kipande kulipia harusi, lakini fedha zilizoko benki hukatwa. Atakuja ndugu mwenye mgonjwa, atakuja kijana mwenye ada ya chuo, na wote wana haki yao. Baada ya miaka miwili, aliyeuza nyumba nzima hugundua kuwa anaweza kununua nusu nyumba.

Aidha, nyumba na viwanja vingi vya Unguja vimezoea kukadiriwa kwa dola, ilhali akiba za wengi ni shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu Sh 2,300. Kufikia Novemba 2024 ilikuwa imefika karibu Sh 2,700. Aliyeweka Sh milioni 100 mwanzoni mwa kipindi hicho alikuwa na uwezo wa dola 43,500 hivi, na mwishoni alibaki na dola 37,000 bila kutumia hata senti moja. Aliyekimbilia kununua dola Novemba hiyo naye hakusalimika, kwani mwezi uliofuata shilingi iliimarika na dola ikarudi karibu Sh 2,400. Machi 2025 zilitolewa kanuni za Benki Kuu ya Tanzania zinazokataza kutaja na kutoza bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Hata hivyo, saruji, nondo na mabati hufuata mwenendo wa soko la dunia, hata yakiandikwa kwa shilingi.

Nani alijua mwaka 2020?

Wanaosema wanaweza kuliona soko linakokwenda wakumbushwe mwaka 2020. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli na nyumba za wageni, hivyo mahitaji ya nyumba mjini hufuata nyayo za watalii. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni wapatao 538,000. Mwaka 2020, kwa sababu ya Corona, walishuka hadi 260,000 hivi. Aliyeuza kwa hofu wakati ule alikuwa na sababu zote za kuogopa. Lakini mwaka 2024 wageni walizidi 736,000.

Upande wa mashamba nako, sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.3 Zanzibar, na ile ya 2022 ikahesabu karibu milioni 1.9. Watu hao wanahitaji pa kulala, na ardhi ya Unguja haiongezeki.

Wenzetu wa nje nao wameonja. Huko Uingereza wapo waliouza nyumba mwaka 2004 wakiamini bei imefika kileleni, lakini ikaendelea kupanda hadi mwaka 2007. Ilipoanguka hatimaye mwaka 2008, kwa takriban moja ya tano, wengi wao walikuwa wamelipa kodi miaka minne. Dubai, walikojaa ndugu zetu wengi, bei zilianguka kwa karibu nusu baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, na walionunua kwa kukimbizana na bei ndio walioumia. Kote huko mtu alikuwa sahihi juu ya bei, akakosea juu ya tarehe.

Tarehe haiko mikononi mwako

Hapa kwetu kuna sababu ya ziada ya kutocheza na tarehe. Kwa Sheria ya ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mwananchi ana haki ya kuitumia. Uhamishaji wa haki hiyo unahitaji kibali chini ya sheria ya mwaka 1994. Kuna sheha, kuna wakili, kuna Kamisheni ya Ardhi na kuna ushuru. Nyumba ikiwa ya mirathi, lazima warithi wote wakubaliane, na mmoja anaweza kuwa Muscat na mwingine London. Ikiwa ya wakfu, haiuzwi kama mali ya mtu. Ikiwa ya Serikali, aliyepewa ufunguo kwa kilemba hana cha kuuza.

Kwa hiyo hata aliyebahatisha mwezi mzuri wa bei anaweza kukuta karatasi zake zimekamilika miezi minane baadaye.

Aliyeuza kwa haraka naye huingia mtego mwingine: hununua kwa haraka. Pembezoni mwa mji yapo mashamba ya eka tatu ambayo Serikali iliwagawia wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964 ili wayalime. Mengi yamekatwa vipande na kuuzwa kwa karatasi ya mkono, mikarafuu na minazi ikiangushwa. Mnunuzi mwenye fedha zinazomwasha mfukoni ndiye mteja anayetafutwa na madalali wa viwanja vya aina hiyo.

Kusubiri bila kutengeneza ni kuuza kidogo kidogo

Wapo pia wanaofanya kinyume: hawauzi, wanangoja bei ya ndoto. Kosa lao ni kuliacha jengo lisubiri bila matunzo. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti. Bati likitoboka, masika mawili matatu yanatosha kuozesha boriti, na ukuta hufuata. Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883 alilolijenga Sultan Barghash, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tena mnunuzi makini hupunguza bei kwa kila ufa anaouona, akijua kuwa matengenezo yatahitaji idhini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe.

Afanye nini basi?

Kwanza, ahame kwa sababu ya maisha, si kwa sababu ya fununu za bei. Pili, aanze na karatasi kabla ya mteja: mirathi, hati na vipimo. Tatu, atafute anakokwenda kabla ya kusaini anakotoka, na katika mkataba wa kuuza aombe miezi kadhaa ya kuendelea kukaa, hata kama itabidi apunguze bei kidogo. Nne, pengo likiwepo liwe fupi, na fedha ziwe katika akaunti inayohitaji saini ya zaidi ya mtu mmoja.

Mikopo ya nyumba ingeweza kuziba pengo hilo, lakini riba yake Tanzania kwa kawaida ni asilimia 13 hadi 19 kwa mwaka, na wengi Zanzibar hawataki riba kabisa. Benki ya Watu wa Zanzibar ilianza huduma za Kiislamu mwaka 2011, na inafaa kuuliza masharti.

Bado njia ya wazee haijapitwa: nunua kiwanja chenye hati, jenga taratibu, ezeka, kisha uza ya mjini ukiwa na ufunguo wa pili mfukoni. Huchukua miaka na haina sifa mitaani. Lakini mwenye ufunguo wa pili bei ikishuka halali nje, na ikipanda hajutii.