Tangu Lini?

Katika vilima vya Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako nyumba zimepandana hata paa la huyu likalingana na kizingiti cha yule, si ajabu ajuza kuteleka sombe juu ya mbabula, akatoka kwenda kuchota maji, asirudi mpaka wajukuu wamkute njia panda, kidumu mkononi, akiulizia nyumba ya mama yake aliyekwisha fariki zamani. Hapo minong'ono huanza: amemroga nani? Na mnong'ono huo si wa kudharauliwa, kwani mwaka 2021, katika maeneo ya jirani ya Kabare, Walungu na Kalehe, wanawake waliosingiziwa uchawi waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto.

Tabibu huuliza swali jingine: tangu lini? Usahaulifu unaozidi mwaka hata mwaka ni maradhi ya ubongo, ambayo, ijapokuwa hayana dawa ya kuyaondoa, humwacha mgonjwa na staha yake akitunzwa kwa subira. Kuchanganyikiwa kulikoanza juzi mara nyingi hutokana na malaria, uambukizo wa mkojo au kukaukiwa na maji mwilini, na chanzo kikitibiwa akili hurejea. Na huzuni ya miezi, ya mzee asiyekula wala kulala, aliyeuona mji huu ukitwaliwa kwa silaha mwaka 1996, 2004 na 2025, nayo ina tiba, wala haistahili kuitwa uzee tu.

Mlango wa tiba upo. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Bukavu, ilianzishwa SOSAME, nyumba ya wagonjwa wa akili iliyo chini ya watawa wa Frères de la Charité. Lakini gharama ya tiba nchini hulipwa zaidi na jamaa kutoka mfukoni, wazee wengi hawana pensheni, na mlango unaobishwa kwanza aghalabu ni wa chumba cha maombi.

Kwa hiyo msaada hauna budi kuteremka mpaka kituo cha afya cha mtaani. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wauguzi na matabibu wasio mabingwa kuyatambua maradhi ya akili. Na mchungaji naye, akijua kuuliza "tangu lini", ataomba kisha atamwelekeza mgonjwa kwa muuguzi. Nyumbani, mjukuu akae na bibi karibu na mbabula, sombe iive, na jirani apitaye alikute jibu tayari: bibi ni mgonjwa.