Bustani ya Wote, Je, ni ya Wote Kweli?

Neno "bure" hupendeza masikio ya kila mtu. Lakini kitu cha bure kikiwekwa mahali usipoweza kufika, hakikufai kitu. Utasikia habari zake kwa wengine tu. Leo twataka kukueleza mambo ya jiji la New York, huko Marekani, na jinsi watu wake walivyojifunza neno hilo kwa taabu. Usiseme, "Ya New York yanihusu nini mimi niliye shambani?" Soma kwanza hata mwisho. Utaona ya kuwa yanahusu hata mlango wa zahanati ya kijijini kwako.

Intaneti chini ya miti

Katikati ya majumba marefu ya New York mna bustani za mji, mahali penye nyasi, miti na viti, ambapo kila mtu ana ruhusa ya kupumzika bila kulipa. Mojawapo yaitwa Bryant Park, nayo iko nyuma ya maktaba kubwa ya jiji. Mwaka 2002 watu wa kujitolea walisaidia kuweka hapo waifai ya bure. Na mwaka 2011 jiji lilipatana na kampuni ya simu ya AT&T kuweka waifai katika bustani nyingine zipatazo 20.

Waifai ni nini? Ni kisanduku kilichounganishwa na waya wa intaneti, ambacho huirusha intaneti hiyo hewani kwa mawimbi ya redio. Simu iliyo karibu, mwendo wa makumi ya mita, huyapokea mawimbi hayo. Basi mwenye simu husoma habari, hutuma barua na kuongea na jamaa zake bila kununua bando.

Sasa fikiri kidogo. Ni nani mwenye haja kubwa ya kitu hiki? Kiziwi hupiga simu ya picha akaongea na mwenzake kwa ishara za mikono. Asiyeona husikiliza simu yake ikimsomea barua kwa sauti. Asiyeweza kutembea huita gari limfuate papo hapo alipo. Kwa watu hao intaneti si mchezo wa kupitishia wakati. Ni msaada wa masikio, macho na miguu. Lakini kabla haijawasaidia, yafaa kwanza waweze kuingia bustanini.

Waliopanda ngazi kwa mikono

Zamani huko Marekani mwenye kiti cha magurudumu alikuta ngazi kila mahali: ofisini, kwenye basi, hata bustanini. Watu wenye ulemavu walidai haki yao kwa miaka mingi. Tarehe 12 Machi 1990 walikusanyika mbele ya jengo la Bunge mjini Washington. Watu wapatao 60 wakaacha viti vyao na magongo yao chini, wakaanza kuzipanda ngazi zile za mawe kwa mikono na magoti. Kati yao alikuwamo msichana wa miaka 8, jina lake Jennifer Keelan. Waliotazama waliona wazi ngazi ni kitu gani kwa mtu asiye na nguvu za miguu.

Tarehe 26 Julai mwaka ule ule, Rais George Bush, yule baba, aliitia sahihi sheria ya kuwakataza watu kuwabagua wenye ulemavu. Sheria hiyo huzibana pia serikali za miji pamoja na bustani zao. Haisemi kila jiwe la kale libomolewe. Yasema huduma yenyewe, ikitazamwa kwa jumla, iwe yafikika. Lakini kijengwacho kipya, au kinachotengenezwa upya, lazima kifuate vipimo. Na mji hauna ruhusa ya kumtoza mlemavu ada ya ziada ili kulipia gharama za kumtengenezea njia. Tena, bustani ikiwa na amri ya kukataza mbwa, amri hiyo haimzuii mbwa aliyefundishwa kumwongoza asiyeona.

Vipimo vyenyewe

Hapa tusikilize vizuri, maana vipimo hivi vyaweza kutufaa hata sisi. Vimeandikwa katika kanuni za mwaka 2010.

Njia ya kupitia kiti cha magurudumu iwe na upana wa sentimita 91 au zaidi. Penye ngazi patengenezwe mteremko, nao usiwe mkali: kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12 kwenda mbele. Maana yake, kibaraza chenye kimo cha sentimita 30 chataka mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Ukiufanya mfupi kuliko huo, mwenye kiti atarudi nyuma au ataanguka, na mwenye kumsukuma atachoka. Mteremko ukipanda zaidi ya sentimita 15, uwekwe vyuma au miti ya kushikia pande zote mbili.

Swichi, kengele na vitu vya namna hiyo visiwekwe juu zaidi ya sentimita 122, ili aliyeketi avifikie; tena viwe vya kutumika kwa mkono mmoja, bila kufinya wala kusokota. Na kisanduku kinachotundikwa ukutani kwenye njia, kwa kimo cha kiuno au kichwa, kisitokeze zaidi ya sentimita 10. Kwa nini? Kwa sababu fimbo ya asiyeona hupapasa chini. Haitakigusa kisanduku, bali yeye atakigonga kwa uso wake.

Mashine zilizomsahau asiyeona

Labda utadhani ya kuwa, baada ya sheria hiyo, mambo yote yalinyoka. Sivyo. Mwaka 2016 jiji la New York lilianza kuondoa vibanda vya simu za zamani barabarani na kusimamisha mahali pake nguzo ndefu ziitwazo LinkNYC. Nguzo hizo hutoa waifai ya bure, simu za bure za ndani ya nchi, na umeme wa kuchajia simu. Watu walifurahi. Lakini mtumiaji alipaswa kugusa kioo laini chenye picha na maandishi. Asiyeona atajuaje pa kugusa? Kioo hakina alama ya kupapasa.

Mwaka ule ule chama cha taifa cha wasioona wa Marekani, pamoja na wakazi kadhaa wa jiji, walipeleka shauri mahakamani. Mwaka 2017 pande zote zilipatana: mashine zitengenezwe ili asiyeona naye azitumie, zikimsomea maandishi kwa sauti. Na mwezi Aprili 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa kanuni mpya za kuzitaka serikali za miji zifanye kurasa zao za intaneti na programu zao za simu zitumike na wenye ulemavu pia.

Wamefundisha nini hao? Ya kuwa waliotengeneza mashine hawakuwa watu wabaya. Walisahau tu kuwauliza wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na sisi je?

Tusidhani ya kuwa haya ni ya wageni tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kenya nayo imeandika katika Katiba yake ya mwaka 2010 ya kuwa mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pa umma na kupata habari.

Lakini sheria haichanganyi saruji. Anayeichanganya ni fundi wa kijijini, na anayemwagiza ni kamati, yaani wewe na jirani zako. Darasa jipya likijengwa, au zahanati, au choo cha shule, chukueni kamba mpime kabla ya zege kumwagwa. Mteremko ukiwekwa tangu mwanzo, ni mawe na mchanga wa ziada kidogo. Ukikumbukwa baadaye, ni kubomoa. Mwiteni yule anayetembelea magongo, na yule asiyeona, waseme wapi panawashinda.

Tena usifikiri unamjengea mwenzako tu. Hujafa hujaumbika. Mama mwenye mimba kubwa atapita hapo, na mzee mwenye maumivu ya magoti, na kijana aliyevunjika mguu kwa pikipiki. Siku moja, ukijaliwa miaka mingi, utapita hapo wewe mwenyewe, polepole, ukishika ule mti wa pembeni.