Saa ya Zamani Yenye Hadithi ya Damu: Uliza Ilipitia kwa Nani

Ukiuziwa saa ya mkono sokoni Kangemi kwa maneno kwamba ilivaliwa na ofisa wa Kiingereza aliyewasaka wapiganaji wa Mau Mau, jua kwamba maneno hayo yamekwisha kuongezwa kwenye bei. Yapime kabla ya kutoa pesa.

Mwombe fundi saa akusomee mfuniko wa nyuma, ndani na nje. Alama ya mshale mfupi wenye ncha pana ilipigwa kwenye mali ya serikali ya Uingereza. Herufi WWW ziliwekwa kwenye saa ambazo kampuni 12 za Uswisi zililitengenezea jeshi la Uingereza mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Herufi DH na namba ni za jeshi la nchi kavu la Ujerumani. Alama hizo hutaja mwenye mali wa kwanza tu. Aliyeivaa hazimtaji, na saa nyingi za jeshi ziliuzwa kwa raia baada ya vita. Tena wapo wanaochora alama ya Nazi kwenye uso wa saa ya kawaida ili ipate bei.

Kuna saa zenye historia nzito zaidi ambazo hazina alama yoyote. Wanazi walipora saa za Wayahudi waliouawa katika kambi ya Auschwitz, wakawalazimisha wafungwa wa kambi ya Sachsenhausen kuzitengeneza, kisha wakazigawa kwa askari wao wa SS. Zilikuwa saa za raia wa kawaida. Ukizitazama tu, huwezi kuzitambua.

Kwa hiyo kinachothibitisha asili ni mfululizo wa wamiliki. Mfano mzuri ni fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905. Zilikaa Uingereza mikononi mwa familia ya muuaji hadi ziliporejeshwa Kenya mwaka 2006. Safari ya fimbo hizo inafuatika, na ndiyo maana zilirudi kwa wenyewe.

Muulize muuzaji: aliipata kwa nani, mwaka gani, na huyo naye aliipata wapi? Ipo picha, barua au risiti? Akitaja ofisa kwa jina, nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ukatafute kama jina hilo limo kwenye kumbukumbu za utawala wa kikoloni. Asipokuwa na jibu hata la mwezi uliopita, huenda saa hiyo imeporwa juzi kwenye matatu. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi.

Ukiridhika, andikianeni hati ya mauzo yenye namba ya saa na ya kitambulisho cha muuzaji, na ulipie saa peke yake. Hadithi isiyo na ushahidi usiitolee hata shilingi. Na ushahidi ukikufikisha kwa familia iliyoporwa, warudishie saa yao.